Kurudisha Miti ya Asili na Kung'oa Mimea Vamizi Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikiwa vikundi vya kujitolea vya Malindi na vitongoji vyake, kuanzia hori ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke kusini hadi mlango wa mto Sabaki na Mambrui kaskazini. Yanaanzia kwa mgeni na kuishia kwa aliyekwisha kushika jembe misimu kadhaa.

## Kuanza

1. Kikundi cha kurudisha miti ya asili kinafanya kazi gani hasa?

Kinaondoa mimea vamizi inayoisonga ile ya asili, kisha kinaisaidia ya asili irudi: kwanza kwa kulinda miche inayojiotea yenyewe, na pale isipojiotea, kwa kupanda. Anayetarajia kupanda miche kila Jumamosi atashangaa. Siku za kupanda kwa mwaka ni wiki chache tu za masika. Zilizobaki ni za kung'oa, kurudia kung'oa, kupalilia na kuhesabu.

Kikundi kinachotangaza miche iliyopandwa bila kutaja mingapi ingali hai baada ya kiangazi cha pili hakijasema lolote bado.

2. Mmea vamizi ni upi? Kila mmea wa kigeni ni mbaya?

Hapana. Mwembe na mkorosho ni wageni wa zamani na vimelisha watu wa pwani vizazi kwa vizazi. Mmea huitwa vamizi unapojieneza bila kupandwa na mtu, ukawashinda majirani zake mwanga na maji, hatimaye ukasimama peke yake. Eneo hili linasumbuliwa zaidi na mwarobaini, lantana na mathenge. Mpungate na lusina pia vipo. Kila mmoja una namna yake ya kurudi ukikatwa, ndiyo maana njia ya kuuondoa haiwezi kuwa moja (tazama swali la 11 hadi la 13).

3. Mwarobaini ni dawa. Mbona mnaung'oa?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mzee, na ni la haki. Mwarobaini ni dawa, ni kivuli, na hakuna anayetaka ukate ule wa uani kwako. Shida ni mwarobaini ulioingia msituni.

Tunda lake likigeuka manjano huliwa na ndege na popo. Wanabeba tunda, wanatua kwenye mti mkubwa, na mbegu inaanguka pale chini. Simama chini ya mbuyu au mkuyu ulio pembezoni mwa msitu na utazame ardhini: utaona vijiti vyembamba kama penseli, vina majani yenye meno ya msumeno, vimejaa kivulini kana kwamba vimesiwa kwa mkono. Miche hiyo huvumilia kivuli, husubiri. Tawi kubwa likivunjika na mwanga ukaingia, mwarobaini ndio unaopanda juu kwanza, na mche wa mbambakofi uliokuwa kando yake unabaki chini hadi unakufa.

Mwenye mwarobaini uani karibu na msitu anaweza kusaidia sana bila kuukata: apogoe matawi yanayozaa, na afagie matunda kabla ndege hawajayamaliza.

4. Sijui majina ya miti. Nitafaa?

Utafaa. Sharti ni moja: usiguse mmea ambao hujaonyeshwa. Kila kikundi kiwe na watu wawili wanaotangulia na kufunga utepe mwekundu kwenye cha kuondolewa. Mgeni ajifunze mimea mitatu kwa siku, asizidishe. Majina ya Kigiriama yanayojulikana na wazee wa Gede, Jilore au Kakuyuni yaandikwe daftarini kando ya yale ya Kiswahili, kwa sababu mara nyingi mzee hutofautisha miti miwili ambayo sisi tunaiita kwa jina moja.

## Ruhusa na usajili

5. Tunahitaji ruhusa ya nani?

Inategemea ardhi ni ya nani. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali, kwa hiyo nendeni kituo cha Huduma ya Misitu Kenya (KFS) kinachosimamia upande wenu, na mpitie chama cha misitu cha jamii, kile ambacho wengi hukiita CFA. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 ndiyo inayovipa vyama hivyo nafasi ya kushiriki katika usimamizi. Mikoko nayo iko chini ya KFS hata pale inapoonekana kama haina mwenyewe. Ndani ya hifadhi ya bahari, muulizeni pia Huduma ya Wanyamapori Kenya (KWS). Magofu ya Gede yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Shamba la mtu linahitaji idhini ya mwenyewe kwa maandishi, si ya mlinzi wake wala ya mpangaji.

Barua itaje mipaka ya eneo, mimea itakayoondolewa, vifaa, tarehe, na nani atachukua kuni. Hilo la mwisho msiliache. Ugomvi mwingi unaovunja vikundi hauanzi kwa miti bali kwa kuni zilizobaki.

6. Lazima kikundi kisajiliwe?

Kufanya usafi wa nusu siku kwenye shamba la rafiki hakuhitaji usajili. Lakini mkitaka kufungua akaunti, kuandikiana mkataba na chama cha misitu au kupokea msaada, sajilini chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022. Mtahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba, na kumbukumbu za mkutano uliochagua viongozi. Pa kuanzia ni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo.

## Siku ya kazi

7. Nije na nini?

Suruali ndefu, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu mzima, kofia, na maji lita 2. Malapa hayaruhusiwi, hata kwa mwenyeji aliyezoea.

Vifaa vya kikundi cha watu 10: mapanga 3, majembe 3, sururu 2, mtaimbo 1, msumeno wa upinde 1, tupa ya kunolea, glavu za ngozi, na sanduku la huduma ya kwanza. Mapanga ni machache kwa makusudi. Kati ya mwenye panga na mwenzake lazima pawe na mita 3, na watu 10 wenye mapanga 10 hawawezi kukaa hivyo kwenye kichaka. Wasio na panga wang'oe kwa mkono, wabebe, wahesabu.

8. Saa ngapi na miezi gani?

Saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4. Baada ya hapo jua la Malindi linamaliza watu na makosa yanaanza.

Kwa mwaka, fuateni pepo na mvua. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ni wakati wa kumenya gome la mwarobaini (swali la 11) na kuchimba mathenge, kwa sababu mzizi ulioachwa juu ya ardhi hukaushwa na jua siku chache tu. Masika, Aprili hadi Juni, mvua ikifikia kilele Mei, ni wakati wa kupanda na wa kung'oa miche midogo kwa mkono ardhi ikiwa laini. Julai hadi Septemba rudini mlikopita. Vuli ng'oeni tena. Vuli si ya kupanda, isipokuwa mna uhakika wa kumwagilia kaskazi yote inayofuata, maana mche wa Novemba unakutana na jua kali kabla mizizi haijashuka.

9. Nyoka, nyuki na upupu je?

Kabla ya kuingiza mkono kwenye kichaka cha lantana, piga chini kwa fimbo ndefu na usubiri. Kifutu hakimbii, analala palepale chini ya majani makavu, kwa hiyo tazama unapokanyaga. Aliyeumwa asitembezwe, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza. Alazwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Gari la kumpeleka lijulikane kabla kazi haijaanza.

Mti wenye pango uangaliwe mlangoni kabla ya kupigwa shoka. Mkiona nyuki wanaingia na kutoka, uachwe.

Upupu ukikupata usijikune wala usisugue kwa mkono. Bandua vinyweleo kwa utepe wa gundi au unga wa ugali uliokandwa, kisha osha kwa maji mengi. Nguo zifuliwe peke yake.

## Mmea kwa mmea

10. Tuanzie palipojaa sana au palipo na machache?

Palipo na machache. Moyo unavutwa na kichaka kikubwa kwa sababu picha zake zinapendeza, lakini mahali pale mtafanya kazi mwezi mzima na mkiondoka patajaa tena. Mahali penye miarobaini 15 katikati ya msitu mzuri mnaweza kupamaliza asubuhi moja, na miti ya asili iliyopo itafunga pengo yenyewe. Kutoka hapo sogeeni polepole kuelekea palipojaa, na msisonge mbele kuliko uwezo wenu wa kurudi nyuma.

Ratiba ya kurudi: wiki ya 6, mwezi wa 3, mwezi wa 6, kisha mara mbili kwa mwaka. Eneo msiloweza kulirudia kwa ratiba hiyo, msilifungue kabisa. Kichaka kilichofunguliwa na kuachwa ni kibaya kuliko kilichoachwa tangu mwanzo: mwanga umeingia, na anayeufaidi ni gugu.

11. Mwarobaini unaondolewaje?

Kwa unene wake. Uliofika magotini ung'olewe kwa mkono baada ya mvua, ukishikwa pale shina linapogusana na ardhi. Ukiushika juu utakatika, na mzizi utachipua. Kuanzia unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono, tumia sururu na utoe mzizi.

Uliozidi hapo umenywe pete ya gome. Kati ya goti na kiuno, kata duara mbili kuzunguka shina zilizoachana sentimita 30, kisha bandua gome lote lililo katikati. Hapo wengi huacha, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Chini ya gome kuna utando wa kijani unaoteleza kama ndani ya ganda la ndizi mbichi. Ukwangue wote kwa makali ya panga hadi uguse mti mkavu mweupe. Ukiacha uzi wa gome wenye upana wa kidole, hasa kwenye mikunjo ya shina, mti utajiziba kupitia uzi huo na mwaka ujao utazaa kama kawaida. Zunguka mti mara ya pili ukiupapasa kwa kidole: panapoteleza, kwangua tena.

Mti utachukua miezi mingi kufa, pengine zaidi ya mwaka. Utatoa chipukizi chini ya pete. Ziparuliwe kwa mkono kila wiki 6 hadi 8 zikiwa changa. Usimenye pete kwenye mti ulio kando ya njia, nyumba au ukuta wa magofu, kwa sababu matawi yaliyokufa yataanguka. Huo ukatwe na mjuzi, chini kabisa, na kisiki kifuatiliwe.

Kuna jambo moja linalowapa moyo wanaochoka. Mbegu ya mwarobaini haidumu. Ikianguka ina wiki chache tu za uhai, basi. Haina akiba ya miaka ardhini kama mathenge. Kwa hiyo anzeni na miti inayozaa, hata kama ni mitatu, kabla ya kugusa maelfu ya miche. Mama akiondoka, miche iliyo chini ni ya mwisho, isipokuwa ile itakayoletwa na ndege.

12. Lantana tumeikata mara tatu na bado inarudi. Kwa nini?

Kwa sababu mmeikata. Lantana huchipua kutoka kwenye shingo ya mzizi, sehemu iliyovimba pale shina linapoingia ardhini, na kila ukifyeka unaipa mashina mengi zaidi. Punguza matawi hadi uone kisiki, fukua udongo kidogo kuzunguka, kisha kata mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya ule uvimbe kwa sururu au shoka dogo. Mizizi iliyobaki chini ya hapo haichipui. Kisiki kigeuze juu chini na ukitundike kwenye panda ya tawi lake kisiguse udongo. Kikigusa udongo wa masika, kitashika.

Mbegu zake hukaa ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo miche itaonekana mvua ijayo na ile ifuatayo. Ing'olewe kabla ya kuchanua. Msiwape ng'ombe majani mliyofyeka: lantana ni sumu kwao, na ngozi ya ng'ombe aliyeila huungua juani.

13. Mathenge je? Nasikia haufi.

Hufa, lakini si kwa kukatwa juu. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kufunika machimbo karibu na Mombasa, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari. Macho yake ya kuchipua yamejificha kwenye shina chini ya ardhi. Chimba hadi sentimita 30, ukate mzizi chini ya macho hayo yote. Mche mdogo ung'olewe wakati wa mvua, ukitoka na mzizi wake mkuu.

Maganda ni matamu, na mbuzi huyapenda. Mbegu hupita tumboni bila kudhurika na kuota kwenye mavi. Mkitaka kuyatumia kama chakula cha mifugo, yasagwe hadi mbegu zipasuke. Msihamishe mbuzi kutoka palipo na mathenge yanayozaa kwenda mlikosafisha. Mbegu zilizokwisha kuingia ardhini zinaweza kungoja karibu miaka 10, kwa hiyo yapimeni mapema: mathenge machache mapya yaondolewe mara yanapoonekana, msitu mzima wa mathenge si kazi ya kikundi cha kujitolea peke yake.

Mwiba wake hutoboa malapa na hata soli ya raba. Ukivunjikia mwilini jeraha hutunga usaha, kwa hiyo usichokolewe kwa pini pale kazini. Nenda zahanati.

14. Tulivyong'oa tuvipeleke wapi? Tuchome?

Msichome msituni, hata rundo dogo. Moto unaua miche ya asili na kufungua ardhi kwa lantana. Matawi ya mwarobaini yasiyo na matunda yalazwe chini yafunike udongo. Yenye matunda yatiwe guniani, yatolewe, yakae juani hadi yakauke kabisa. Kuni zigawanywe kama barua ilivyosema. Makaa ya mathenge yana masharti yake ya kuchoma na kusafirisha, ulizeni KFS kwanza.

Na msifagie. Ndani ya Arabuko-Sokoke anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, anayepatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Kiota chake ni rundo la majani makavu ardhini, utadhani limesukumwa na upepo. Aliyepewa reki na kuambiwa "safisha" analibomoa bila kujua. Reki hazihitajiki katika kazi hii.

15. Kwa nini msitumie dawa ya kuua magugu, au chumvi, au dizeli kwenye kisiki?

Udongo wetu ni mchanga, visima vingi si virefu, na kinachomwagwa leo kinashuka na mvua ya kesho. Dawa zina watu waliofunzwa kuzitumia na sheria zake, si kazi ya wanaojitolea siku ya Jumamosi. Chumvi na dizeli ni mbaya zaidi: kisiki kinaweza kupona, lakini mita moja ya udongo kukizunguka haitaotesha mti wa asili kwa muda mrefu. Mikono na subira vinatosha kwa yote yaliyotajwa hapa.

16. Mvinje nao ni adui?

Shambani hapana. Ni nguzo na ada za shule za familia nyingi za kaunti hii, na mti wa kujengea ukitoka shambani, msitu unapumzika. Ufukweni jibu ni jingine. Majani yake kama sindano yanafunika mchanga hadi mimea mitambaazi inayoshika matuta haioti, na mizizi yake inamzuia kasa kuchimba kiota juu ya alama ya maji makuu. Msipande mvinje kwenye matuta ya mchanga. Iliyokwisha kuota hapo isikatwe yote kwa mkupuo. Punguzeni kidogo kidogo mkingoja mimea ya ufukweni ishike, la sivyo upepo wa kusi utabeba tuta lenyewe.

## Miche na kupanda

17. Lazima tupande?

Pimeni kwanza. Chukua kamba ya mita 50, ivute moja kwa moja, kisha tembea ukihesabu kila mche wa mti wa asili ulio ndani ya mita 1 kila upande. Hiyo ni mita za mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta, kwa hiyo zidisha kwa 100. Ukihesabu miche 9, una 900 kwa hekta. Rudia mahali patano.

Mkipata mamia na ni ya aina mbalimbali, acheni kupanda. Palilieni ile iliyopo, funga kijiti kando ya kila mmoja usifyekwe kwa bahati mbaya, na mzuie mbuzi. Mche uliojiotea umekwisha kuchagua mahali pake na mzizi wake haujawahi kukunjwa kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche. Pandeni pale kamba inapotoa sifuri, au pale panapotoka aina moja tu.

18. Mbegu za asili zinatayarishwaje?

Zikusanywe kwa ruhusa, kutoka miti isiyopungua 10 ya kila aina, iliyoachana, na nyingi ziachwe kwa wanyama. Mbegu za mti mmoja huzaa ndugu watupu.

Mbambakofi: toa kofia ya rangi ya chungwa inayokaa juu ya mbegu nyeusi, maana inaita siafu na panya. Kwaruza ganda upande wa pili kwa tupa hadi uone weupe, loweka usiku mmoja. Mkwaju na mbuyu: mimina maji yaliyochemka na kuondolewa motoni, acha yapoe hadi kesho yake. Mvule ukisongamana kitaluni hushambuliwa na mdudu anayetoa vivimbe kwenye majani, kwa hiyo tenganisha miche na uitie kivuli chepesi.

Mrihi una hulka yake. Mizizi yake hushirikiana na kuvu wa ardhini, bila hao mche unadumaa na kuwa wa manjano hata ukiutia mbolea. Changanya kwenye kila kiriba konzi moja ya udongo wa juu uliotoka chini ya mrihi mkubwa. Miaka ya mwanzo unashusha mzizi kuliko kupandisha shina. Usidhani umekufa.

Ardhi nayo ichague mti. Mrihi ni wa mchanga mweupe duni. Ardhi nyekundu ina miti yake mingine. Tazama kinachoota kwenye msitu mzima ulio karibu zaidi wenye udongo wa rangi ileile.

19. Shimo liwe la kiasi gani, na miche iachane vipi?

Sentimita 45 kila upande na kwenda chini, udongo wa juu ukiwekwa kando na kurudishwa kwanza. Palipo wazi kabisa, mita 3 kwa 3 inatoa miche 1,111 kwa hekta. Penye miche iliyojiotea, jazeni mapengo tu. Msipande siku ya mvua ya kwanza. Chimbeni kwa mkono: unyevu ukifika sentimita 30, ardhi iko tayari.

Chana kiriba, kiondoe chote, na kihesabiwe mwisho wa siku: viriba vilivyorudi vilingane na miche iliyopandwa. Acha bakuli la udongo kuzunguka shina na ufunike kwa majani makavu, yasiguse shina. Kiangazi cha kwanza, lita 5 mara moja kwa wiki zikimwagwa polepole ni bora kuliko kikombe kila siku, kwa sababu maji ya juujuu huita mizizi juu.

20. Miche yetu imekufa. Tutajuaje sababu?

Ng'oa uliokufa uutazame. Mzizi uliojizungusha kama chemchemi ya kitanda ulikaa kiribani muda mrefu mno. Mwakani uhamishwe mapema, na mizizi inayotoka chini ya kiriba ikatwe kila baada ya wiki chache. Shina lililogugunwa gome na kufunikwa tope ni mchwa, lakini mchwa mara nyingi humalizia mche uliokwisha kudhoofika kwa kiu, kwa hiyo angalia udongo kabla ya kutafuta sumu. Ncha iliyokatwa kwa mshazari, safi, ni mbuzi. Mche uliong'olewa na kutupwa kando ni nyani, anayetafuta kilichofukiwa. Funika udongo mpya kwa matawi ya miiba. Majani yaliyokauka yakiwa bado yameshika shina ni jua.

Msijaze mapengo kwa aina ileile kabla ya kujua sababu.

## Mikoko

21. Mikoko inapandwa kwa njia hiyohiyo?

Hapana. Mkoko, muia na mkandaa hutoa mbegu ndefu inayoota ikiwa bado mtini. Chukueni iliyo tayari: ya mkoko huonyesha pete ya manjano shingoni na hutoka kwa kuguswa. Ukilazimika kuivuta, haijakomaa. Ichomekwe ncha kali ikiwa chini, sentimita 7 hivi, kila mita 1. Mchu hauna mbegu ndefu ya namna hiyo. Mbegu yake hulowekwa, ganda likitoka husiwa. Pandeni bamvua ikiisha, maji yakielekea kuwa mafu, ili miche ipate siku kadhaa za utulivu.

22. Tulipanda mkoko kwenye tope tupu mbele ya bahari na wote umeondoka. Tulikosea wapi?

Mahali. Mstari wa mbele ni wa mlilana, nyuma yake mkoko na muia, kisha mkandaa, na mchu hukaa pembezoni kwenye chumvi nyingi. Tope lisilo na mti hata mmoja mara nyingi halijawahi kuwa na msitu: maji hukaa juu yake muda mrefu mno na chaza hushika mashina hadi yanalala. Mlangoni mwa Sabaki kuna jambo la ziada, mto huleta mchanga mwingi na kingo zake huhama, kwa hiyo mlichopanda mwaka huu kinaweza kufukiwa mwakani.

Palipokuwa na mikoko ikafa, ulizeni kwanza kilichoziba maji. Barabara, tuta la chumvi, mfereji uliojaa mchanga? Fungueni njia ya maji, na kama kuna miti mama karibu, mbegu zitakuja zenyewe na bamvua.

## Mambo yasiyo ya kawaida

23. Gugu limeingia kaya. Tuingie tuliondoe?

Hapana, mpaka wazee wa kaya waamue. Misitu mitakatifu ya Kaya za Wamijikenda iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2008, lakini amri za wazee ni za zamani kuliko orodha hiyo, na ndizo zilizoihifadhi. Waelezeni kinachoonekana, waonyesheni mche wenyewe, msubiri. Wakikubali, wao ndio watakaosema nani aingie, siku gani, avae nini.

24. Kuna mtambaazi umefunika miti. Tuukate?

Jueni jina kwanza. Mbungo ni wa asili, una utomvu mweupe, maua meupe yenye harufu, na matunda ya mviringo ya rangi ya chungwa yanayoliwa na watu na kima. Uachwe. Mtambaazi mwingine wenye utomvu mweupe, maua makubwa ya zambarau yenye umbo la faneli, na maganda mawili magumu yaliyotazamana kama pembe ni mgeni kutoka Madagaska na ni vamizi. Utomvu wake ni sumu, vaeni glavu, msiguse macho.

25. Ndege ametaga kwenye mwarobaini tuliotaka kuumenya.

Ngojeni makinda yaruke. Tieni utepe wa rangi nyingine na muandike tarehe. Matunda yakianza kuiva kabla ya hapo, yavunwe kwa kijiti.

26. Hoteli inataka wageni wake wapande miche 1,000 kwa siku moja. Tukubali?

Mnaweza, kwa masharti. Mashimo yawe yamechimbwa na aina zimechaguliwa na kikundi kulingana na kamba ya swali la 17. Iwe Mei, si Desemba, hata kama wageni ni wengi Desemba. Fedha zihesabiwe kwa miaka miwili: maji ya kiangazi, kurudi kung'oa kwa ratiba ya swali la 10, na hesabu ya miche iliyo hai mwezi wa 12 na wa 24. Hoteli ikiona ni ghali, pendekezeni miche 100. Wageni wa Desemba wapewe kazi ya Desemba: panga butu la kukwangulia, mwarobaini mmoja kwa watu wawili, na mwanachama wa kupapasa pete kwa kidole kabla hawajaondoka.